Vespa kuukuu na mbio za wazee: raha ni ya mwenye chombo, kipato ni cha fundi

KIPYA kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Wapo watu, hata hivyo, ambao hawavutiwi na kipya hata kidogo. Hao ni wazee wa miaka 50, 60 na hata zaidi ya 70 ambao Ulaya na Marekani hutoa pikipiki zilizotengenezwa miaka ya 1960 na 1970, huzifufua, kisha huingia nazo kwenye matope na kushindana. Hawapati zawadi ya fedha ya kutajika. Wanachopata ni kikombe, picha na maumivu ya mgongo.

Kwa mkulima wa Mwera au mfanyabiashara wa Darajani, habari hiyo inaweza kuonekana ni ya watu wenye fedha za kuchezea. Lakini Unguja ni kisiwa ambacho vyombo vya zamani vya magurudumu mawili havijaisha. Vespa bado zinaonekana katika vichochoro vya Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo, ambako gari halipiti na kanzu haimzuii mtu kuendesha. Vijijini, pikipiki za zamani za mabwana shamba zinaweza kukutwa uani, nyingine zikiwa zimegeuka kitagio cha kuku. Kila chombo cha aina hiyo kina njia mbili: kupelekwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu na kuuzwa kwa kilo, au kufufuliwa na kuuzwa kama chombo.

Swali la kiuchumi ni hili: je, mchezo wa wazee unaweza kuvipa vyombo hivyo thamani, na kama unaweza, fedha hizo zinaingia mfukoni mwa nani? Jibu fupi ni kwamba kwa mwenye chombo mchezo huu ni matumizi, si mradi. Mradi uko kwa anayemhudumia, yaani fundi, muuza spea, mchoraji rangi, mama lishe na mwenye shamba. Anayechanganya mambo hayo mawili hupoteza fedha za mbegu na ada za skuli.

Mchezo ulivyoanza

Mbio za pikipiki katika ardhi isiyo na lami, zinazojulikana kama motokrosi, zilianzia Uingereza. Mashindano yanayotajwa kuwa ya mwanzo yalifanyika tarehe 29 Machi 1924 huko Camberley, kusini mwa nchi hiyo. Ubingwa wa dunia wa pikipiki za ujazo wa 500 ulianza mwaka 1957.

Kwa miaka mingi washindi walitumia pikipiki nzito za injini ya mipigo minne. Mwingereza Jeff Smith alichukua ubingwa huo mwaka 1964 na 1965 akiwa na pikipiki ya BSA ya aina hiyo. Mwaka 1966 ubingwa ulikwenda kwa pikipiki ya CZ ya Czechoslovakia yenye injini ya mipigo miwili, yaani ile ya kuchanganya oili na petroli. Kuanzia hapo injini nyepesi zikatawala, kwanza za CZ na Husqvarna ya Sweden, kisha za Wajapani. Mwaka 1973 Yamaha ilitwaa ubingwa wa ujazo wa 250 kwa pikipiki yenye shokapu moja ya nyuma badala ya mbili, na baada ya muda mfupi pikipiki zote za shokapu mbili zikaonekana zimepitwa na wakati. Bei zake zilianguka, na nyingi ziliishia mabandani.

Miaka ilipopita, vijana waliokuwa wakizitazama pikipiki hizo kwa matamanio walikuwa watu wazima wenye kipato, watoto wao wakiwa wamekua. Walizirudia. Nchini Marekani chama cha AHRMA kilianzishwa mwaka 1989 kusimamia mbio za pikipiki za kale, na Jeff Smith huyo huyo alikuja kuwa mtendaji wake mkuu. Chama hicho kimeweka madaraja ya umri: zaidi ya miaka 40, zaidi ya 50, zaidi ya 60 na zaidi ya 70. Kimeweka pia sheria za kiufundi. Katika madaraja ya kale, shokapu ya mbele hairuhusiwi kucheza zaidi ya takriban sentimita 18, na ya nyuma sentimita 10, wakati pikipiki za kisasa hufikia takriban sentimita 30.

Sheria hiyo ina maana kubwa kwa mfuko na kwa mwili. Chombo chenye shokapu fupi hakiwezi kuruka vilima virefu, kwa hiyo njia hulazimika kuwa laini na mwendo hupungua. Mzee hashindanishwi na kijana wa miaka 20, wala mwenye fedha hawezi kununua ushindi kwa kununua pikipiki mpya.

Vespa nayo imepita topeni

Wengi huijua Vespa kama chombo cha mjini. Kampuni ya Piaggio ya Italia iliisajili mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, na kuitengeneza katika kiwanda chake cha Pontedera. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na hakuzipenda pikipiki za kawaida kwa sababu zilichafua nguo na tairi lake lilikuwa gumu kubadilisha. Akaficha injini ndani ya bati, akaacha nafasi ya miguu mbele, na akafunga gurudumu upande mmoja kama la ndege ili litoke kwa kufungua nati chache. Vespa kwa Kitaliano ni nyigu, jina lililotokana na mlio wake na kiuno chake chembamba.

Kisichojulikana sana ni kwamba Vespa ina historia katika njia mbaya. Mwaka 1951, katika mashindano ya kimataifa ya siku sita yaliyofanyika Varese, Italia, timu ya Piaggio ilipata medali 9 za dhahabu ikiwa na Vespa za ujazo wa 125. Mwaka 1980 Vespa 4 za ujazo wa 200 ziliingizwa katika mbio za Paris hadi Dakar zinazokatiza jangwa la Sahara, na 2 zilifika Dakar.

Mashindano ya Varese yanafaa kuangaliwa kwa makini na yeyote anayefikiria mchezo huu Unguja. Medali ya dhahabu haikutolewa kwa aliyekimbia kuliko wote. Ilitolewa kwa aliyefika kila kituo kwa wakati uliopangwa, siku zote sita, bila kupoteza alama. Chombo kilichoharibika njiani kilitengenezwa na mwendeshaji mwenyewe, na muda wake ulihesabiwa. Hadi leo vilabu vya Vespa nchini Italia huandaa mbio za kushika muda za namna hiyo. Hapo mzee mwenye subira na saa nzuri humshinda kijana mwenye pupa.

Pikipiki ya bwana shamba

Kwa upande wa shamba, jamaa wa karibu wa pikipiki za motokrosi za kale ni zile zilizotumiwa na maofisa ugani, wauguzi, mapadri na miradi ya maendeleo katika Afrika Mashariki: Yamaha DT, Yamaha AG100, Suzuki TF125 na Honda XL. Familia ya DT ilianza mwaka 1968 kwa pikipiki ya ujazo wa 250 ambayo iliwafungulia watu wa kawaida mlango wa kuendesha katika ardhi mbaya. AG100 ilikusudiwa kazi za shambani. Mnyororo wake umefungiwa ndani ya kifuniko ili usile mchanga, na ina vibebeo mbele na nyuma.

Pikipiki hizi, isipokuwa Honda XL ambayo ni ya mipigo minne, zina injini ya kundi moja na Vespa ya zamani, msumeno wa kukatia miti, baadhi ya pampu za mgongoni za kupulizia dawa, na mashine nyingi za boti za wavuvi. Umeme ulipokatika Unguja kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, majenereta madogo yaliyowasha taa za maduka mengi yalikuwa ya injini hiyo hiyo ya kuchanganya. Kwa hiyo fundi anayeijua Vespa hana soko moja. Akijipanga vizuri ana masoko matano.

Jirani zetu wamefika wapi

Afrika Mashariki si ngeni katika mashindano ya vyombo vya kale. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilipotimiza miaka 50, mwaka 2003, zilianzishwa mbio nyingine kwa ajili ya magari ya zamani, zinazojulikana kama East African Safari Classic, na baadhi ya mashindano hayo yamevuka mpaka na kuingia Tanzania.

Historia ya mbio hizo inamhusu pia Björn Waldegård wa Sweden. Alishinda Safari mara nne, mwaka 1977, 1984, 1986 na 1990. Alirudi na kushinda mbio za magari ya kale mwaka 2007, kisha tena mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 68, huku mtoto wake wa kiume akiwa msomaji wake wa ramani. Alifariki dunia mwaka 2014. Utu uzima dawa: katika njia ndefu ya vumbi na mashimo, anayejua kukitunza chombo hufika.

Jijini Nairobi nako, tangu mwaka 1970, klabu ya wamiliki wa magari ya Alfa Romeo imekuwa ikiandaa maonyesho yanayoshindanisha magari na pikipiki za kale kwa usafi, uhalisia na utunzaji. Waamuzi huangalia injini, rangi, viti na hata sehemu ya chini. Shindano kama hilo halihitaji kukimbia kabisa, na bado hulipa mafundi, wachoraji rangi na washonaji wa viti.

Unguja yenyewe ina mfano wake baharini. Resi za ngalawa huvuta watu pwani hadi leo. Nahodha anayeshinda hupata sifa na zawadi, lakini kabla ya siku yenyewe fundi wa kuunda vyombo, mshona tanga na muuza kamba wameshalipwa. Mashua ikishindwa, tanga limeshanunuliwa.

Kinachoua injini ya kuchanganya

Injini ya mipigo miwili haina valvu wala shafti ya kuziendesha. Pistoni inapopanda na kushuka hufungua na kufunga matundu yaliyo kwenye silinda, na kila mzunguko mmoja hutoa mlipuko. Ndiyo maana ni nyepesi, ina nguvu kwa ujazo wake, na fundi anaweza kuifungua juu ya meza akiwa na spana chache. Lakini kwa kuwa petroli hupita ndani ya sehemu ya chini ya injini, oili ya kulainisha lazima isafiri pamoja na petroli hiyo.

Kwa Vespa za familia ya PX, zilizoanza mwaka 1977, kipimo cha kawaida ni asilimia 2, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli. Vespa za mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilihitaji asilimia 5. Baadhi ya PX na pikipiki nyingi za Yamaha zina tangi la oili la pembeni na pampu inayochanganya yenyewe. Pampu hiyo ikifa bila mwenye chombo kujua, pistoni hukwama ndani ya dakika chache. Kabla ya kuwasha pikipiki iliyolala miaka mingi, ni busara kuchanganya kwa mkono katika tangi la petroli hadi fundi athibitishe kwamba pampu inafanya kazi.

Kosa la kwanza ni kukadiria kwa macho. Oili ikipungua, pistoni hukwaruza silinda. Ikizidi, plagi hulowa, ekzosi huziba masizi na moshi hujaa mtaani. Kosa la pili ni kutumia oili ya gari, ambayo haikutengenezwa kuungua pamoja na petroli. Oili ya injini za mipigo miwili ina maandishi yake kwenye chupa.

Adui wa tatu ni hewa ya chumvi. Katika kisiwa, kutu huanza ndani ya bodi ya Vespa, chini ya mkeka wa miguu, mahali jicho halifiki. Kwa Vespa hilo si suala la urembo tu, kwa sababu haina fremu ya mabomba kama pikipiki. Bati lenyewe ndilo fremu. Bati likioza, chombo kinaweza kukatika katikati. Sili za mpira kwenye injini nazo hukauka chombo kinapokaa muda mrefu, hewa huvuja, mchanganyiko hupungua petroli na injini hupata joto kali. Usipoziba ufa utajenga ukuta: sili ni ya bei ndogo, kuchonga silinda na kuweka pistoni ya saizi kubwa ni gharama nyingine kabisa.

Hesabu kabla ya mchezo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukulia mfano wa kujifunzia, ambao hautumii bei za soko bali mafungu, ili kila msomaji aweke bei za mahali pake. Mzee amenunua chombo kibovu kwa mafungu 100. Spea na rangi zimekula 60, na ufundi 30. Kofia ngumu, viatu, glovu na nguo za kujikinga zimechukua 40. Katika mwaka ameshiriki mashindano manne, kila moja likigharimu mafungu 10 kwa usafiri, mafuta na ada, yaani jumla 40. Matumizi yote ni mafungu 270.

Mwisho wa mwaka anaamua kuuza. Akipata mnunuzi anayekijua chombo, anauza kwa 160, na vifaa vyake vya kujikinga kwa 20. Amerudisha 180, kwa hiyo mchezo umemgharimu 90, au mafungu 22 na nusu kwa kila siku ya mashindano. Akikosa mnunuzi wa aina hiyo na kukipeleka kwenye mizani ya chuma chakavu kwa mafungu 10, anarudisha 30 tu. Mchezo umemgharimu 240, sawa na mafungu 60 kwa siku moja.

Mfano huu unaonyesha mambo matatu. Kwanza, katika hali zote mbili mzee ametoa fedha. Hakuna mwaka ambao mchezo ulimlipa, na haifai akope kwa ajili yake. Pili, tofauti kati ya kugharimika 90 na 240 haikutokana na ushindi wala kasi; ilitokana na kuwepo kwa soko la chombo kilichofufuliwa. Tatu, mafungu 30 ya ufundi yamekwenda kwa fundi kabla injini haijawashwa, iwe mzee ameshinda au ameshindwa.

Soko hilo hujengwa na vitu vya kawaida: kadi ya chombo yenye jina sahihi, namba za injini na bodi zinazolingana na kadi, vipande vya asili visivyotupwa hata kama vimechakaa, na daftari la matengenezo lenye tarehe. Mnunuzi wa chombo cha kale hununua historia yake. Asiye na karatasi anauza bati.

Upatikanaji wa spea ni sehemu ya soko. Hapa India imekuwa msaada mkubwa. Kampuni ya Bajaj ilitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio hadi mwaka 1971, kisha ikatoa Chetak yenye umbo la jamaa huyo huyo, na ikaacha kutengeneza skuta za petroli mwaka 2009. Kampuni ya LML ya Kanpur nayo ilishirikiana na Piaggio kabla ya kufungwa mwaka 2018. Ingawa viwanda hivyo vimeachana na vyombo hivyo, pistoni, ringi, sahani za klachi, nyaya na mipira ya saizi zake bado hutengenezwa India. Mfanyabiashara mwenye duka dogo la spea anaweza kuanza na vitu vinavyokwisha haraka, yaani plagi, nyaya, sili, gasketi na tyubu, badala ya kufunga mtaji wake katika taa na mapambo ambayo huuzwa mara moja kwa mwaka.

Nafasi ya mwenye shamba

Mkulima naye ana sehemu yake. Nchini Uingereza, sheria ya mipango ya ardhi huruhusu shamba, pamoja na masharti kadhaa, kutumika kwa mbio za magari na pikipiki hadi siku 14 kwa mwaka bila kuomba kibali cha kubadili matumizi ya ardhi. Wakulima wengi hukodisha malisho yao kwa vilabu siku za mapumziko, kisha ng'ombe hurudi. Ni kipato cha pembeni kisichodai mbegu wala mbolea, ingawa kinadai ukarabati wa ardhi.

Unguja ni kisiwa chenye watu wengi na ardhi ndogo, kwa hiyo hesabu ni tofauti. Upande wa magharibi na kati una udongo wenye kina unaobeba minazi, migomba, muhogo na mboga. Kuukanyaga udongo huo kwa matairi ni kuushindilia, na mvua ya masika ikija huchimba makorongo pale pale tairi lilipopita. Upande wa mashariki ni ardhi ya mawe, ambako jembe hupata shida, lakini jiwe hilo la matumbawe ni kali kwa anayeanguka, na vichaka vyake ni malisho, kuni na makazi ya wanyama wa porini.

Kwa sababu hiyo, mbio za kushika muda katika barabara zilizopo zinaingia akilini zaidi kuliko kufyeka uwanja wa motokrosi. Safari ya kutoka mjini hadi Makunduchi au Nungwi, kwa mwendo wa kawaida, yenye vituo vya kupimwa muda, kibali cha polisi na bima inayoeleweka, haihitaji ekari hata moja. Kila kituo ni mahali pa kuuza madafu, ndizi, samaki na chai. Kwa mkulima na mama lishe wa njiani, mapumziko ya nusu saa ya waendeshaji na watazamaji wao ni soko dogo lisilohitaji kodi ya shamba.

Tahadhari za ununuzi

Biashara ya Vespa za kale imewahi kuharibiwa na tamaa. Katika miaka ya 2000, wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliletewa kutoka Vietnam Vespa zilizong'aa kama mpya, zenye rangi mbili na viti vipya. Nyingi zilikuwa nzuri kwa macho tu. Baadhi ya bodi zilikuwa zimeunganishwa kutoka vyombo viwili au vitatu kwa kulehemu vibaya, na rangi nene ilificha mashimo ya kutu. Habari zilipoenea, hata fundi mwaminifu wa nchi hiyo aliuza kwa shida. Jina la bidhaa ya mahali likishachafuka, huwalipisha wote.

Mnunuzi wa Unguja anaweza kujikinga kwa hatua rahisi. Ainue mkeka wa miguu na kugonga bati kwa kifundo cha kidole. Atazame chini ya bodi kuona mishono ya kulehemu. Apige kiki injini ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla hajafika huenda inaficha tatizo. Alinganishe namba na kadi. Na kabla ya kulipa, aende na fundi wake, si fundi wa muuzaji.

Mwili nao una hesabu yake

Mzee anayerudi kwenye mbio hana mifupa ya miaka 20. Kuanguka kwa mwendo mdogo tu kunaweza kuvunja kifundo cha mkono au bega, na kwa mkulima hiyo ni jembe kulala msimu mzima. Gharama ya vibarua wa kupalilia wakati mwenye shamba amefungwa plasta ni sehemu ya gharama ya mchezo, hata kama haikuandikwa popote. Kupima presha na sukari kabla ya kuanza, kuvaa kofia ngumu inayobana vizuri na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, ni sharti la mwanzo. Aidha, bima nyingi za kawaida za vyombo vya moto hazilipi madhara yaliyotokea katika mashindano. Mkataba usomwe kabla, si baada ya ajali.

Ujuzi usiozikwa

Hatari kubwa zaidi haiko kwenye mbio. Skuta na pikipiki mpya karibu zote ni za mipigo minne, na za umeme zinaongezeka. Kijana anayejifunza ufundi leo ana sababu ndogo ya kujua kusikiliza injini ya kuchanganya na kutambua kwa mlio kwamba inavuta hewa. Fundi mzee akistaafu bila mwanafunzi, Vespa zilizobaki zitashuka thamani kwa wakati mmoja, kwa sababu chombo kisicho na fundi ni chuma. Mvuvi mwenye mashine ya zamani na mkulima mwenye pampu ya mgongoni watapoteza msaada huo huo.

Hapo ndipo mchezo wa wazee unapoweza kulipia zaidi ya raha. Mwenye Vespa kumi na wenzake wakikubaliana kupeleka vyombo vyao kwa fundi mmoja kwa zamu, mwaka mzima, fundi huyo anaweza kumlipa mwanafunzi. Mwanafunzi huyo asubuhi atafungua injini ya Vespa, jioni atafungua mashine ya boti, na msimu wa kupulizia dawa atarekebisha pampu za mboga. Anayetaka kuanza aanze na daftari, kalamu na fundi mwenye mwanafunzi. Chombo kinunuliwe mwisho.